Maua yanayonukia sawa si lazima yawe ndugu: tukiisoma kutoka Mara orodha ya kemikali 1,719

Hivi mimea inayonukia sawa ni ndugu? Swali hili linaonekana jepesi na wengi tungelijibu ndiyo bila kufikiri. Mtoto akinukia sabuni ileile wanayotumia nyumba ya jirani, si tunajua katokea wapi? Lakini kwenye maua mantiki hiyo inakwama mapema sana. Chukua ua la mchungwa uani kwa mtu Musoma, ua la kahawa kwenye shamba la Tarime, na asumini inayouzwa ikiwa imetungwa kwenye uzi kule Zanzibar. Mfumbe mtu macho umnusishe yote matatu, atakwambia ni ukoo mmoja. Sasa uliza wataalamu wa nasaba za mimea. Mchungwa uko oda moja na mwembe na mwarobaini. Kahawa iko familia moja na gadenia. Asumini ndugu yake wa karibu ni mzeituni. Maua matatu, oda tatu tofauti.

Makala ninayoichambua leo ndiyo iliyojaribu kulijibu swali hili kwa dunia nzima. Inaitwa Diversity and Distribution of Floral Scent, ilitoka mwaka 2006 katika jarida la The Botanical Review, na waandishi wake ni Jette Knudsen, Roger Eriksson, Jonathan Gershenzon na Bertil Ståhl. Ukisoma chochote kuhusu harufu za maua kilichoandikwa baada ya hapo, karibu lazima utaikuta imetajwa. Wengi wanaitaja kama watu wanavyotaja kamusi, yaani bila kubishana nayo. Mimi nadhani ni kazi kubwa, hukumu yake kuu ni sahihi, na kila mwanafunzi wa botania aisome. Ila ukiisoma ukiwa huku kwetu, kati ya migunga ya Bunda na Butiama, kuna mambo matatu yanayokosekana, na yanabadilisha jinsi ya kuitumia.

Wamefanya nini hasa?

Knudsen na wenzake walikusanya matokeo ya machapisho yapatayo 270, wakaorodhesha kemikali 1,719 zilizokutwa kwenye harufu za maua ya spishi zipatazo 990, kutoka familia 90 na oda 38. Wakazipanga kemikali hizo kwa jinsi mmea unavyozitengeneza: zile za ukoo wa terpeni, zile zenye pete ya benzini, zenye nitrojeni, zenye salfa, na kadhalika. Halafu wakahesabu kila kemikali imekutwa kwenye familia ngapi.

Kuna uamuzi mmoja mdogo ambao unaweza kuupita bila kuuona, na ndio ulioipa orodha uzito. Walikubali matokeo ya njia moja tu, ile ya kunasa hewa inayolizunguka ua. Ua linafunikwa kwa mfuko au chupa lingali mtini, hewa yake inavutwa ipite kwenye kichujio kinachoshika harufu, kisha kilichonaswa kinatenganishwa na kutambuliwa kwa mashine maabara. Mafuta yaliyokamuliwa hayakuhesabiwa. Kwa nini ni muhimu? Fikiria karafuu ya Pemba. Tunachokiita karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Ukilikausha na kulikamua unapata mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, lakini hayo ni mambo yaliyofungiwa ndani ya tumba. Nyuki anayelijia ua lililofunguka anakutana na kile kilichoko hewani, na hicho kinaweza kuwa tofauti kabisa. Kuchanganya vitu hivi viwili ni kosa ambalo bado naliona kwenye kazi za wanafunzi: mtu anasoma kemia ya mafuta, anaandika sura nzima kuhusu wachavushaji. Knudsen na wenzake walilifunga dirisha hilo, na walifanya vizuri.

Hukumu yao, na kwa nini naikubali

Baada ya kuhesabu, walikuta kwamba kemikali zinazoongoza, zikiwemo linaloli, limonini, osimini, mirsini, benzaldehidi na methili salisilati, zinapatikana katika asilimia 54 hadi 72 ya familia zote walizozipitia. Ziko kila mahali, kama chumvi kwenye mboga. Huwezi kumtambua mpishi kwa kuonja chumvi. Kutokana na hilo wakahitimisha kwamba harufu ya ua haifai sana kukadiria undugu wa mimea juu ya ngazi ya jenasi, ila ndani ya jenasi, kati ya spishi na spishi, ni eneo lenye matumaini makubwa kwa anayetaka kuelewa mageuko.

Mtu anaweza kuuliza: inakuwaje harufu isaidie kwa ndugu wa karibu, halafu ishindwe kwa ndugu wa mbali? Jibu liko kwenye jinsi mmea unavyoipika harufu. Chukua linaloli. Mmea wowote una malighafi yake, kwa sababu malighafi hiyohiyo inatumika kutengeneza vitu vingine vingi ndani ya seli. Inahitajika hatua moja tu ya kimeng'enya kuigeuza kuwa linaloli. Kwa hiyo ukoo wa mimea unaweza kuanza kunukia, kuacha, kisha kuanza tena, bila kujenga kiwanda kipya kila mara.

Mfano mzuri unatoka California. Kuna ua liitwalo Clarkia breweri ambalo linanukia sana na linatembelewa na nondo. Ndugu yake wa karibu, Clarkia concinna, kwa pua ya binadamu hana harufu. Mwaka 1996 Natalia Dudareva, Eran Pichersky na wenzao walionyesha kwamba jeni ya kimeng'enya cha linaloli ipo kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba kwa concinna inafanya kazi kidogo tu, kwenye unyanyapaa, wakati kwa breweri imewashwa karibu ua zima. Kilichobadilika ni swichi. Na swichi zinaweza kuwashwa na kuzimwa na mazingira yoyote yanayofanana: maua meupe yanayowategemea nondo wa usiku yataishia kunukia kwa namna zinazokaribiana, yawe ya ukoo huu au ule. Kufanana kwao kunakuambia kuhusu mteja wanayemwita. Kuhusu babu yao kunasema kidogo sana.

Mpaka hapo, niko upande wa waandishi. Sasa tuje kwenye upungufu.

Kwanza: ramani yao ina tundu kubwa, na sisi tumo ndani ya tundu

Spishi 990 ni nyingi, lakini dunia ina zaidi ya spishi 300,000 za mimea itoayo maua na zaidi ya familia 400. Na orodha ya namna hii haichagui kilichopimwa. Inapokea kile ambacho wenye mashine waliamua kukipima, na wenye mashine wengi walikuwa Ulaya na Amerika. Okidi, kwa mfano, zimepimwa kuliko kawaida kwa sababu watu wanazipenda na zinafugwa kwenye nyumba za vioo. Mgunga haufugwi kwenye nyumba ya vioo.

Kuna mtu atasema hilo ni suala la muda tu, pengo litazibwa na hukumu itabaki ileile. Popo wanatufundisha tusiwe na haraka. Katika Amerika ya kitropiki, maua yanayochavushwa na popo mara nyingi yana kemikali za salfa, zile zinazonuka kama kabichi au vitunguu vilivyooza. Mwaka 2000 Otto von Helversen na wenzake walionyesha kwamba popo wa kule, wa jenasi Glossophaga, wanavutwa na dimethili disulfidi. Ukiishia hapo unaandika kanuni: ua la popo hunuka salfa. Kanuni nzuri, fupi, inakaa vizuri kwenye mtihani.

Lakini popo wanaokunywa nekta Amerika na popo wanaokunywa nekta Afrika na Asia ni koo mbili tofauti, kila moja ilijifunza kunywa nekta kivyake. Mwaka 2004 Stefan Pettersson, Finn Ervik na Jette Knudsen huyuhuyu walilinganisha maua ya popo ya Afrika Magharibi na yale ya Amerika, wakakuta salfa haikutawala upande wa Afrika kama ilivyotawala upande wa pili. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulimjaribu popo mla nekta wa Asia kwa dimethili disulfidi, na hakuvutwa nayo. Yaani kanuni ilikuwa kweli kwa bara moja.

Ukienda kandokando ya mito ya Serengeti, kwa upande wa Bunda, utakuta miegea, ile miti yenye matunda kama soseji kubwa. Maua yake ni mekundu ya giza, yananing'inia kwenye vikonyo virefu, yanafunguka usiku, na asubuhi mengi yako chini. Popo wanayatembelea na harufu yake si ya kupendeza. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya Amerika anaweza kusimama chini ya mwegea, akasikia harufu mbaya, akaandika "salfa" bila kupima. Huo ndio ubaya wa tundu kwenye ramani. Watu huwa hawaliachi wazi, wanalijaza kwa habari za mahali pengine.

Pili: "jenasi" ni mpaka uliowekwa na watu, na ulihamishwa

Hukumu yao imesimama juu ya neno jenasi: juu yake harufu haisaidii, chini yake inasaidia. Lakini jenasi ni nini? Ni mpaka ambao wataalamu wamekubaliana kuuchora, na mipaka huhama.

Migunga ni ushahidi wa karibu kabisa. Makala ilipotoka mwaka 2006, vitabu vingi bado viliita migunga yote Acacia. Lakini uchunguzi wa DNA ulikuwa umeshaonyesha kwamba jenasi hiyo ilikuwa imekusanya koo kadhaa zisizotoka kwa mzazi mmoja. Mwaka 2005 kongamano la botania la Vienna liliamua jina Acacia libaki na miti ya Australia, na mwaka 2011 kongamano la Melbourne likathibitisha. Migunga ya Afrika ikagawanywa. Ile ambayo kwa kawaida ina maua ya mviringo kama vifungo na miiba iliyonyooka ikawa Vachellia. Ile ambayo kwa kawaida ina maua marefu kama mkia na miiba ya kulabu ikawa Senegalia. Makundi haya mawili hata si ndugu wa moja kwa moja. Mgunga mmoja wa Afrika, Acacia nilotica, ndio uliokuwa umeshika jina la jenasi nzima, na leo unaitwa Vachellia nilotica. Watu wengi huku hawajalimeza hilo mpaka leo, na ninawaelewa.

Sasa angalia kinachotokea kwenye hoja ya Knudsen na wenzake. Ukilinganisha harufu ya Vachellia drepanolobium, ile yenye vinundu vya sisimizi kwenye ardhi nyeusi ya mfinyanzi, na harufu ya Senegalia polyacantha ya kando ya mito, kwa majina ya zamani ulikuwa ndani ya jenasi, mahali ambapo harufu "inasaidia". Kwa majina ya sasa umetoka nje, mahali ambapo "haisaidii". Miti haijabadilika, harufu haijabadilika, umbali wa undugu wao haujabadilika. Kilichobadilika ni kibao cha jina.

Pwani kuna mfano wa upande wa pili. Mkilua, ule ambao maua yake wanawake wa pwani wameyatumia kama manukato tangu zamani, kitaalamu unaitwa Mkilua fragrans. Bernard Verdcourt aliupa jenasi yake mwaka 1970 akitumia jina la Kiswahili kama lilivyo. Jenasi hiyo ina spishi moja tu. Ukifuata hukumu ya makala, mkilua hauna wa kulinganishwa naye ndani ya jenasi, basi kesi imefungwa. Lakini nasaba yake inasisimua: uko kwenye kundi la familia ya mstafeli ambalo ndugu wengine wote wako Amerika ya kitropiki. Mmoja wa ndugu hao, Cymbopetalum penduliflorum, maua yake yalitumiwa na Waazteki kutia ladha kinywaji cha kakao. Jamii mbili zilizotenganishwa na bahari zimependa harufu za maua ya ukoo mmoja. Je, ni harufu ya urithi au imezuka mara mbili? Swali hilo liko juu ya ngazi ya jenasi, na ni swali zuri sana.

Kwa hiyo ningeiandika upya hukumu yao hivi: harufu husaidia zaidi kadiri muda tangu mimea iachane unavyokuwa mfupi. Muda huo upimwe kwa mti wa nasaba uliojengwa kwa DNA, halafu harufu zipangwe juu ya matawi yake tuone wapi zimezuka na wapi zimepotea. Majina ya jenasi yasitumike kama rula.

Tatu: orodha haina saa, na haina sisimizi

Orodha inakuambia kemikali fulani ilikutwa kwenye familia fulani. Haikuambii ilitoka saa ngapi, wala nani mwingine aliinusa. Kwa migunga, hivyo ndivyo vitu vya maana kuliko vyote.

Tuhamie kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, Mkomazi, ambako miaka ya 1990 Graham Stone, Pat Willmer na wenzao waliichunguza migunga iliyokuwa ikichanua pamoja na kutegemea wadudu walewale. Katika kazi waliyochapisha mwaka 1998 walionyesha kwamba spishi hizo zinagawana siku. Kila moja inatoa chavua kwa saa yake, kwa hiyo nyuki wanahama kutoka spishi hadi spishi na chavua haichanganyiki ovyo. Ukinasa harufu ya migunga yote hiyo saa nne asubuhi na kuiweka kwenye jedwali moja, umelinganisha duka lililo wazi na duka lililofungwa.

Na huko huko Mkomazi kuna kisa cha Acacia zanzibarica, kama ilivyoitwa wakati ule, ambacho Willmer na Stone walikichapisha katika jarida la Nature mwaka 1997. Mti huu unalindwa na sisimizi wakali. Wanafukuza wala majani, sawa, lakini si wangefukuza na nyuki pia? Waligundua kwamba maua machanga, yakiwa kwenye saa za kutoa chavua, yanawafukuza sisimizi kwa kemikali. Nyuki wanafanya kazi yao kwa amani. Baadaye athari hiyo inaisha, sisimizi wanarudi, wanalinda mbegu zinazoanza kukua. Kazi iliyofuata ya mwaka 2009 ilitaja farnesini kuwa mojawapo ya kemikali zinazohusika. Farnesini ni harufu ya kawaida, maua mengi duniani yanayo. Kwenye orodha ya kemikali 1,719 ni mstari mmoja kati ya mingi. Kwenye mgunga wenye walinzi ni amri ya kuondoka zamu.

Kwa hiyo kemikali moja inaweza kuwa mwaliko kwa mmoja na tishio kwa mwingine, na mabadiliko ya harufu kati ya spishi mbili ndugu yanaweza kuwa yamesababishwa na adui badala ya mchavushaji. Bila kujua hilo, huwezi kusoma mageuko kwenye harufu hata ukiwa na mashine ya bei gani.

Kwa nini tubishane na makala ya 2006?

Kwa sababu bado inatumika kuamua nini kinafaa kupimwa, na kwa sababu dhana inayoipinga, kwamba harufu ni kitambulisho cha ukoo, iko hai mitaani. Kivumbasi ni mfano. Kaskazini mwa Tanzania watafiti wamepima mimea ya jenasi Ocimum dhidi ya mbu, na watu wameitumia tangu zamani. Lakini ndani ya spishi moja, Ocimum gratissimum, kuna mimea ambayo mafuta ya majani yake yametawaliwa na yujenoli na mingine imetawaliwa na thimoli. Kwa upande mwingine, yujenoli ileile iko kwenye karafuu, ambayo haina undugu wowote wa karibu na kivumbasi. Mtu akibadilisha dawa moja kwa nyingine kwa kuwa zinanukia sawa, au akidhani mmea ni uleule kwa kuwa jina ni lilelile, anaweza kukosea pande zote mbili. Hapo kosa linamfikia mtoto anayelala bila neti.

Pia kuna suala la nani atalijaza tundu. Flora of Tropical East Africa, kazi kubwa iliyoanza kutoka 1952 na kukamilika 2012, inaeleza mimea yetu kwa milimita: urefu wa kikonyo, manyoya ya jani, idadi ya stameni. Harufu, ikitajwa, mara nyingi inapata neno moja. Mashine ya kutenganisha kemikali hatunayo kila chuo, ni kweli. Lakini mambo mawili kati ya matatu niliyoyalalamikia hayahitaji mashine. Mwanafunzi wa Butiama au Bunda anaweza kuchagua spishi mbili za Vachellia na moja ya Senegalia zinazochanua pamoja baada ya mvua, akakaa chini yake kuanzia alfajiri hadi usiku, akaandika kila saa: ua limefunguka au bado, chavua imetoka au bado, pua inasikia nini, nani amekuja, sisimizi wako wapi. Afanye hivyo kwa siku kumi na kwa miti kadhaa. Akipata nafasi ya mashine baadaye, atajua kwa uhakika anase hewa saa ngapi na kwenye ua la umri gani.

Ukiisoma makala ya Knudsen na wenzake, anza na hitimisho lao, halafu rudi kwenye jedwali ukiwa na kalamu. Kila unapokutana na mmea ulio na ndugu huku kwetu, andika pembeni jina lake la sasa, na kama kuna mtu aliyewahi kumpima ndugu huyo. Sehemu kubwa ya pembeni itabaki tupu, na hiyo ndiyo orodha ya kazi zetu.